Kibanja na Serikali Zake: Historia ya Mkoa wa Kagera

Mkoa wa Kagera umekaa kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya Tanzania: Ziwa Victoria mashariki, Uganda kaskazini, Rwanda na Burundi magharibi. Kutoka Bukoba, makao makuu ya mkoa, Kampala na Kigali ziko karibu kuliko Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu karibu milioni 3, na wengi wao ni wakulima.

Mgeni anayefika Bukoba au Muleba huona kijani kitupu, akadhani ardhi yote ni ya neema. Sivyo. Ukanda wa ziwa hupata mvua nyingi, hata milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyohiyo imeusafisha udongo rutuba yake. Vilima virefu vimejipanga sambamba na ziwa, na juu yake kuna uwanda wa nyasi uitwao rweya, ambako mahindi hayastawi. Mashamba ya migomba, yaani vibanja, yalitengenezwa kwa mikono: samadi ya ng'ombe ikabebwa, nyasi za rweya zikakatwa na kutandazwa, majivu na maganda yakamwagwa shinani, baba na mtoto na mjukuu. Ndani ya kibanja kimoja mna migomba, mibuni, maharage, nyumba na makaburi ya wazee. Ndiyo maana Mhaya, mwenyeji wa ukanda huu wa ziwa, haachi kibanja kirahisi. Kukihama ni kuacha kazi ya vizazi.

Serikali nyingi zimeipitia nchi hii, na karibu zote zililenga kibanja hicho.

Za kwanza zilikuwa za wenyewe: Karagwe, Kiziba, Ihangiro, Kyamutwara, Kianja, Bugabo na nyinginezo, kila moja na mkama, yaani mfalme, wake. Karagwe ndiyo iliyovuma zaidi. Mkama Rumanyika alimpokea mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke Novemba 1861, na vifaa vya ufalme vya Bweranyange, makao ya mkama huyo, ng'ombe wa chuma wakiwamo, vinaonyesha wahunzi wa huko walikuwa wamefika mbali. Kahawa ilikuwapo tayari. Buni zilichemshwa, zikakaushwa na kutafunwa, mgeni alikaribishwa kwazo, na wanaochanjiana udugu wa damu walizitumia. Si kila mtu aliyeruhusiwa kuipanda, maana mkama alikuwa na usemi juu yake.

Mwishoni mwa 1890 Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani penye ufuko wa Bukoba. Wajerumani hawakuwaondoa abakama, yaani wafalme hao. Waliifanya Bukoba eneo la mkazi, kama walivyofanya Rwanda na Urundi, wakatawala kupitia mabwana waliowakuta, na aliyewaunga mkono, kama Kahigi wa Kianja, nguvu zake zikaongezeka. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa kwenye mbuni. Mibuni ikatoka mikononi mwa wachache ikaenea vibanja vyote. Juni 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walivuka ziwa, wakaishambulia Bukoba, wakabomoa mnara wa simu ya upepo na kuondoka. Baadaye walirudi kutawala.

Walichokifanya kiutawala hakikutofautiana sana na cha Wajerumani. Abakama wakawa wenye mamlaka ya wenyeji, na Bukoba ikapachikwa kwenye Jimbo la Ziwa lililotawaliwa kutoka Mwanza. Lakini wakulima walikuwa wamebadilika. Klemens Kiiza, mfanyabiashara Mhaya, aliwakusanya wakuzaji kahawa ili wakoboe na kuuza wenyewe bila kupitia kwa wachuuzi wa kati. Mwaka 1937 serikali ilipowalazimisha watu kwa kanuni za kutunza kahawa, wananchi walikataa, mikutano ikageuka vurugu, watu wakakamatwa. Si kwamba hawakujua kutunza mbuni. Walikataa kuingiliwa kibanjani na maofisa wa kilimo waliokuwa na amri mkononi. Upinzani huo ndio uliozaa, mwaka 1950, chama kikuu cha ushirika kilichoitwa Bukoba Native Co-operative Union. Bei za kahawa za miaka hiyo zilijenga nyumba za bati na kuwasomesha watoto kwa wingi kuliko sehemu nyingi za Tanganyika.

Kulikuwa na doa, nalo ni la ndani. Chini ya mfumo wa ardhi ulioitwa nyarubanja, mkama alimpa mtu wake eneo pamoja na waliokaa humo, na wakazi hao, watwarwa, wakawa wanalipa kwa mazao na kazi juu ya vibanja walivyovitunza wenyewe. Kahawa ilipopata thamani, mzigo huo ulizidi uchungu. Serikali huru iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963, na sheria ya 1965 ikaanza kuwamilikisha watwarwa ardhi waliyoilima. Kwangu hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote ambayo serikali yoyote imeyafanya katika mkoa huu, ingawa halisemwi mara nyingi.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, mamlaka ya zao ikawa mnunuzi, na kahawa ikatafuta njia ya magendo kwenda Uganda. Kisha vita. Mpaka wa kikoloni haukufuata mto Kagera, ulifuata mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, hivyo eneo la karibu kilomita za mraba 1,800 likabaki Tanzania ng'ambo ya mto. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakavunja daraja la Kyaka, yakaua raia na kuswaga mifugo. Vita vilipokwisha mwaka 1979, mkoa, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ulipewa jina la Kagera.

Miaka iliyofuata haikuwa na huruma. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waliripotiwa hapa, na vibanja vingi vikabaki mikononi mwa mabibi na wajukuu. Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu, wakapiga kambi Benaco, Ngara. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ikazama ziwani.

Mkoa wenyewe ulikatwakatwa: Chato ikatolewa kwenda Geita mwaka 2012, Kyerwa ikamegwa kutoka Karagwe, Missenyi kutoka Bukoba Vijijini. Ukienda Karagwe kwa Wanyambo, au Ngara kwa Wahangaza na Washubi, au Biharamulo, nafasi ni pana zaidi, mvua ni kidogo, na mahindi na maharage yanabeba uzito uleule ambao ndizi inaubeba ziwani. Mtu anayesema Kagera akimaanisha Bukoba tu ameiacha nusu ya mkoa.

Kahawa bado inagombaniwa. Butura, yaani kuuza kahawa ikiwa ua bado kwa bei ya kutupa ili mtoto apate ada ya shule, imepigwa marufuku mara nyingi. Siku hizi kahawa hupitia vyama vya msingi na minada ya vyama vikuu vya ushirika vilivyorudishwa baadaye, KCU na KDCU, na walio na shida ya leo wanaendelea kumtafuta mwenye fedha ya leo.

Kinachonitia hofu zaidi ni kibanja chenyewe. Mnyauko wa migomba uliingia kutoka Uganda kiasi cha miaka 20 iliyopita, ukaua mashina ambayo mbolea haiwezi kuyafufua. Watoto wamegawana vibanja hadi vimekuwa vipande. Ng'ombe wamepungua, samadi imepungua, na rweya ilikokatwa nyasi za matandazo inapandwa mikaratusi na misonobari kwa sababu mbao zina soko. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, wanaoamua rweya ya kijiji igawiwe nani na kwa kazi gani ni halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Ajenda hiyo ingepaswa kuwa ya kwanza kila mkutano unapoitishwa, kabla ya madawati na kabla ya barabara.