Furukombe wa Mbita: Kumfuatilia kiotani na kumwokoa akijeruhiwa

FURUKOMBE ni tai mla samaki, mwenye kichwa, kifua na mkia mweupe, tumbo la rangi ya hudhurungi na mabawa meusi. Avukaye daraja la Mbita kwenda Kisiwa cha Rusinga aghalabu humsikia kabla ya kumwona, kwani hukirudisha kichwa nyuma na kupaza sauti kali inayovuka maji. Dume na jike huitikiana; jike ndiye mkubwa kwa umbo, na sauti yake ni nzito zaidi. Zambia, Namibia na Sudan Kusini zimemweka katika nembo zao za taifa.

Baina ya Mbita, Rusinga, Takawiri na Mfangano, ndege huyu ana mahitaji mawili: samaki walio karibu na uso wa Ziwa Victoria, na miti mirefu ya ufuoni. Hitaji la pili ndilo linalotia wasiwasi. Samaki hufuatwa mbali kidogo, ilhali mti ukatwao kwa ajili ya makaa huondoka na makao yote.

Kiota chake ni rundo la vijiti ambalo jozi hulirudia mwaka baada ya mwaka, ikiliongeza hadi upana wake ukapita mita moja. Jike hutaga yai moja hadi matatu, kwa kawaida mawili. Huatamiwa kwa siku 42 hadi 45, kisha makinda hukaa kiotani siku nyingine 65 hadi 75. Jumla ni karibu miezi minne, na mpenzi wa ndege asiye na subira ya muda huo ni afadhali asianze.

Mfuatiliaji hapandi mti. Hukaa mbali na darubini na daftari, akiandika tarehe, nani ameatamia na chakula gani kimeletwa. Mzazi akianza kuzunguka juu yake akilia, amekwisha kukaribia mno. Yai lililoachwa juani huharibika upesi. Mradi wa Kenya Bird Map hupokea orodha za ndege kutoka kwa watu wa kawaida, lakini mahali hasa pa kiota hapafai kutangazwa.

Kumbukumbu hizo zina uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ukilinganisha hesabu za miaka ya 1970 na za karne hii, ulionyesha kuwa kati ya jamii 22 za ndege wawindaji wa Kenya, 19 zimepungua.

Watu wema nao hudhuru. Kinda lililo chini ya mti, lenye manyoya kamili, mara nyingi linajifunza kuruka na wazazi wake wangali wanalilisha. Anayelichukua na kulilea nyumbani hulizoesha wanadamu, na ndege wa namna hiyo huenda asiweze tena kuachiliwa.

Aliyeumia kweli, kwa mfano aliyenaswa na ndoana au wavu wa nailoni, au aliyekula mzoga wenye sumu, ni jambo jingine. (Huko Bunyala, Busia, ndege walitegwa kwa dawa ya Furadan ili wawe kitoweo; mtengenezaji aliiondoa katika soko la Kenya mwaka 2009.) Afunikwe kichwa kwa kitambaa chepesi, miguu ishikwe kwanza, maana silaha yake ni kucha, kisha awekwe ndani ya boksi lenye giza na matundu ya hewa. Asilazimishwe kunywa wala kula.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumfuga bila kibali, hivyo taarifa ipelekwe kwa Shirika la Wanyamapori, KWS, lililo na maafisa katika Mbuga ya Ruma. Matibabu ya kitaalamu hutolewa na Kenya Bird of Prey Trust, yenye vituo Naivasha na Soysambu. Huko mfupa uliovunjika huungwa, na manyoya yaliyokatika huweza kupachikwa mengine yaliyookotwa. Kisha tai huzoezwa kuruka hadi misuli irejee. Aliyekomaa hurudishwa karibu na alikookotwa, na mapema iwezekanavyo, kwa sababu akikawia tai mwingine huitwaa nafasi yake kiotani.