Mtawala na Kifungo Chake: Watemi wa Usukuma na Hoja ya Wayunani

Njia itokayo Mwanza mjini kwenda Musoma hupita Nyakato, na baada ya mwendo mfupi hufika Kisesa, ambako katika makumbusho ya Bujora zimewekwa ngoma za watemi wa Usukuma. Nyakato ya leo ni mahali pa viwanda, maduka na nyumba zilizosongamana, na apitaye hapo haoni dalili yo yote ya utemi. Lakini nchi ile ilikuwa na hoja yake juu ya utawala, nayo yafanana na ile iliyowashughulisha Wayunani wa kale: je, raia husalimika kwa wema wa mtawala, au kwa sheria imfungayo?

Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, aliweka tumaini lake katika mtawala mwenye hekima. Mwaka 367 K.K. akasafiri kwenda Syracuse, katika kisiwa cha Sicily, kumfundisha mfalme kijana Dionysius wa Pili. Kazi hiyo haikufaulu. Katika uzee wake aliandika kitabu kingine, Sheria, na humo mtawala amekuwa mtumishi wa sheria. Mwanafunzi wake Aristotle alikubaliana naye katika hili: hata mtu mwema hupotoshwa na hasira na tamaa, bali sheria haina hasira.

Watu wa Sparta hawakuandika vitabu vya namna hiyo, wao walitenda. Walikuwa na wafalme wawili, na juu yao wasimamizi watano, waitwao waefori, waliochaguliwa kila mwaka. Kila mwezi mfalme aliapa kutawala kwa sheria za mji, nao waefori waliapa kwa niaba ya mji kwamba ufalme wake hautatikiswa maadamu ashika kiapo. Tena, kila mwaka wa tisa waefori waliketi usiku usio na mwezi wakitazama mbingu. Nyota ikianguka, ilisemekana kuwa wafalme wamewakosea miungu, nao husimamishwa mpaka uaguzi wa Delphi au Olympia uwatetee.

Msomaji wa leo aweza kucheka. Msukuma wa zamani asingalicheka, maana aliijua desturi iliyo jirani yake. Usukuma ulikuwa na tawala zaidi ya 50, kila moja na mtemi wake. Jina lenyewe latokana na kutema, yaani kukata. Wengine husema ni kukata miti ya pori na kufungua nchi, wengine husema ni kukata mashauri. Mtemi hakujitawaza. Walioshika shauri la kumchagua ni banang'oma, watu wa ngoma, na kwa desturi ya kale walimtafuta upande wa kike wa ukoo, hata mwana wa mtemi hakuwa na hakika ya kiti cha baba yake. Mvua na rutuba ya nchi vilihesabiwa kuwa juu ya mtemi. Mvua ikikosa, aliweza kuondolewa.

Wageni wengi waliona ushirikina tu hapo. Waliona nusu ya jambo. Watu wasio na sheria ya maandishi wahitaji sababu ya kumwondoa mtawala ambayo yeye mwenyewe hawezi kuikana, tena isiyoigawa nchi katika vita. Nyota ya Sparta na mvua ya Usukuma zilifanya kazi hiyo moja. Ni kweli kwamba mtemi mwema aliweza kuonewa kwa ukame asioufanya.

Vijijini nako kulikuwa na vifungo vyake. Banamhala, yaani wazee, walisikiliza mashauri, na basumba batale waliwaongoza vijana katika kazi za pamoja. Aliyevunja desturi kwa ukaidi alitengwa: hapewi moto, hasaidiwi kulima. Athens nayo ilitenga watu, kwa kuandika majina juu ya vigae; kura zikifika 6,000, aliyetajwa zaidi aliondoka mjini miaka 10. Ila kigae cha Athens kilimlenga mkubwa aliyeogopwa, na kutengwa kwa Kisukuma kulimpata mwanakijiji ye yote.

Wajerumani walipojenga boma lao Mwanza katika miaka ya 1890, kifungo cha mtemi kilianza kulegea. Waingereza walikilegeza zaidi kwa sheria ya 1926, iliyowafanya watemi kuwa wenye mamlaka chini ya serikali, wakilipwa mshahara. Tangu hapo mvua ikose, isikose, aliyeweza kumwondoa mtemi ni bwana shauri. Si kwamba watemi waligeuka wabaya. Wako waliopenda watu wao kwa kweli. Lakini amri za kupunguza ng'ombe na za kilimo zilitoka kinywani mwao, na raia hawakuwa na njia ya kuwauliza. TANU nayo ilizuiwa katika Jimbo la Ziwa tangu 1954 hata 1958. Katika mwaka huo wa 1958 watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko ambalo serikali iliwawekea, na maelfu wakaja Mwanza kumwona Mkuu wa Jimbo. Walitawanywa kwa moshi wa kutoa machozi, ila baraza lenyewe halikudumu.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliondoa mamlaka ya watemi. Desturi ya kijiji ilidumu kuliko kiti chao: Sungusungu walipotokea mwaka 1982 kupigana na wezi wa ng'ombe, moja ya adhabu zao ilikuwa ni kumtenga mtu.