Mafuta, Sabuni na Pomadi: Historia Ndefu ya Ngozi Inayowasha

Mtoto akijikuna usiku, nyumba nzima hailali. Familia zilizokimbia vita na kubanana katika chumba kimoja cha ndugu ao cha mwenyeji zinalijua jambo hilo vizuri. Kelele za kucha kwenye ngozi zinaanza taa ikizimwa. Asubuhi kuna damu kwenye shuka, na mama anaulizwa na majirani kama mtoto wake anaoga.

Ugonjwa huo madaktari wanauita egzema. Kwa Kiswahili cha vitabu ni ukurutu, na wengine wanasema pumu ya ngozi, kwa sababu mara nyingi unaandamana na pumu katika ukoo mmoja. Kwa mtoto mchanga unaanza mashavuni. Akikua, unahamia ndani ya kiwiko na nyuma ya goti. Kwenye ngozi nyeusi hauonekani mwekundu kama picha za vitabu vya Ulaya zinavyoonyesha. Ngozi inakuwa kavu, ya kijivu ao nyeusi zaidi, na ngumu kama ganda. Hauambukizwi kwa kugusana, wala hautokani na uchafu. Na namna watu walivyoutunza, ao walivyouharibu zaidi, ina historia ambayo inapita moja kwa moja katika michikichi ya Kongo.

Mafuta yalipokuwa ya kila nyumba

Kabla ya maduka, kuoga na kujipaka mafuta lilikuwa jambo moja. Kule kwenye michikichi, watu walijipaka mawese ao mafuta ya kokwa zake, ambayo pembezoni mwa Ziwa Tanganyika yanaitwa mise. Wafugaji wa milima ya Kivu walitumia samli. Wakuba wa Kasai walichanganya mafuta na unga mwekundu wa mti unaoitwa tukula, wakajipaka mwili mzima, walio hai kwa wafu wao. Sabuni ilikuwepo pia katika sehemu nyingi za Afrika: majivu ya maganda ya ndizi ao ya michikichi yalichujwa kwa maji, kisha yakapikwa pamoja na mafuta.

Si kwamba wazee hawakuwashwa. Egzema ni ya zamani sana. Jina lake limetoka katika Kigiriki, na tayari karne ya 6 daktari Aetius wa Amida alilitumia, likiwa na maana ya kitu kinachochemka na kutoka nje. Lakini ngozi ya mtoto wa kijijini ilipata mafuta kila siku, bila mtu kuyaita dawa.

Mafuta yakaondoka, sabuni ikarudi

Tarehe 14 Aprili 1911, Mwingereza William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight, alifanya mapatano na serikali ya Ubelgiji. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilipewa haki katika maeneo matano ya michikichi, na ndani yake ingeweza kuchagua hadi hekta 750,000. Kituo chake kikubwa kule Kwilu kiliitwa Leverville. Leo ni Lusanga. Watu waliokuwa wakikata ngazi za porini kwa ajili ya chungu chao na ngozi yao wakageuka wakataji wa kampuni, wengi kwa kulazimishwa. Mwaka 1931, bei ya ngazi ikiwa imeanguka huku kodi ikiendelea kudaiwa, Wapende wa Kwilu waliasi, na mamia yao waliuawa.

Mafuta hayo yalivuka bahari yakawa sabuni. Sabuni nayo ikafika katika maduka ya Kongo, na baadaye ikatengenezwa humu humu nchini. Misheni, shule na hospitali zikafundisha usafi kwa kipande cha sabuni. Faida yake haina ubishi: kunawa mikono kumeokoa watoto wengi wasife kwa kuhara, na katika mlipuko wa kipindupindu ao Ebola sabuni ni ngao.

Lakini kulikuwa na nusu ya somo iliyosahaulika. Ngozi ni kama ukuta wa matofali, na kinachoshikanisha matofali hayo ni mafuta ya mwili wenyewe. Sabuni inayotoa mafuta kwenye sufuria haijui kutofautisha sufuria na mkono wa mtoto. Kwa mtu mwenye ngozi imara, mafuta hayo yanarudi. Kwa mwenye egzema, ukuta una nyufa tangu mwanzo: maji yanatoka, vumbi na vijidudu vinaingia, na muwasho unaanza. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa Ulaya wanazaliwa na upungufu wa protini moja inayosaidia ngozi kushika maji. Upungufu huo ni nadra kwa Waafrika, lakini matokeo ni yale yale: ngozi inakauka.

Pomadi ya muujiza

Mwaka 1933 Marekani, madaktari Fred Wise na Marion Sulzberger waliupa ugonjwa huu jina ambalo vitabu vinalitumia hadi leo, dermatiti ya atopia. Miaka 19 baadaye, mwaka 1952, Sulzberger huyo huyo na mwenzake Victor Witten walitangaza kwamba pomadi ya haidrokotisoni inatuliza egzema. Ilikuwa habari kubwa. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na dawa ya kupaka iliyozima moto wa ngozi kwa siku chache tu.

Viwanda vikatafuta dawa kali zaidi, na miaka ya 1970 ikaleta klobetasoli, ambayo nguvu yake inapita ile ya haidrokotisoni kwa mbali sana. Daktari anaitoa kwa sehemu ndogo ya mwili na kwa siku zilizohesabiwa. Lakini dawa hiyo ina tabia nyingine: inapausha ngozi. Ndivyo ilivyoingia katika biashara ya kujichubua, pamoja na haidrokwinoni na sabuni zenye zebaki. Leo inauzwa sokoni katikati ya manukato na rangi za kucha, bila karatasi ya daktari.

Hapo ndipo mama wa mtoto anayewashwa anaponaswa. Ananunua tyubu kwa sababu jirani kamwambia inaponya. Kweli, siku ya tatu ngozi ni laini na mtoto analala. Akiacha, muwasho unarudi kwa hasira, naye ananunua tyubu nyingine. Baada ya miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inachanika na kutoa mistari. Kwa mtoto mchanga dawa inaweza kuingia hadi katika damu na kuzuia kukua kwake. Mataifa yameanza kupambana na bidhaa hizo. Jumuiya ya Ulaya ilikataza haidrokwinoni katika vipodozi vya kujipaka mwaka 2001. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulipitishwa mwaka 2013. Ng'ambo ya mpaka wa Goma, mwishoni mwa 2018, polisi wa Rwanda walipita madukani wakikamata bidhaa za kujichubua. Hata hivyo tyubu ni ndogo, na mpaka una njia nyingi.

Kambi, maji na blanketi

Vita vimeongeza sura nyingine. Vipimo ambavyo mashirika ya misaada yanafuata vinasema mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na gramu 250 za sabuni ya kuoga kwa mwezi. Katika kambi zilizokuwa pembeni mwa Goma kabla ya kuvunjwa mwanzoni mwa 2025, mara nyingi vipimo hivyo havikufikiwa. Ongeza vumbi la mawe ya volkano, moshi wa makala ndani ya hema, blanketi linalochoma ngozi, na sabuni moja ya kufulia, kuoshea vyombo na kuogea. Kwa mwenye egzema, kila kimoja kati ya hivyo ni kiberiti.

Msongamano umeleta pia magonjwa yanayofanana nayo. Upele unaambukiza: unawasha zaidi usiku, unakaa katikati ya vidole na kiunoni, na mara nyingi watu kadhaa wa nyumba moja wanajikuna. Huo unahitaji dawa yake, na wote wa nyumba wanatibiwa siku moja. Mpox inaleta homa na malengelenge. Kumpaka mgonjwa wa upele pomadi ya egzema ni kumficha mwizi ndani ya nyumba. Ndiyo maana muuguzi wa kituo cha afya anapaswa kuiona ngozi kwanza.

Desturi ambazo hazina bei kubwa

Egzema haina dawa ya kuimaliza, ila inatunzika, na watoto wengi wanapata nafuu wakikua. Utunzaji wenyewe unaipa ngozi ile nusu ya somo iliyosahaulika.

Mtoto aoge maji ya vuguvugu, kwa muda mfupi, bila kusuguliwa kwa wavu wala jiwe. Sabuni laini isiyo na harufu itumike kwapani, sehemu za siri na miguuni; kwingine maji yanatosha. Sabuni ya kufulia isiguse ngozi yake. Afutwe kwa kubonyezwa na kitambaa, kisha ngozi ikiwa bado na unyevu apakwe mafuta mara moja, kabla dakika tatu hazijapita. Vazelini ya kawaida isiyo na manukato ndiyo rahisi zaidi: Robert Chesebrough aliipatia hati ya uvumbuzi Marekani mwaka 1872, na hadi leo inafunga maji ndani ya ngozi kwa bei ndogo. Ikichotwa kwa kijiko safi badala ya vidole, haiingii vijidudu. Apakwe tena kabla ya kulala.

Kucha zikatwe fupi. Nguo zisuuzwe hadi povu liishe. Kitenge chepesi cha pamba kikitandikwa kati ya mtoto na blanketi, usiku unakuwa mfupi. Maji ya limau, dawa ya meno na unga wa vidonge vya antibiotiki vinachoma ngozi ao kuikera zaidi, visipakwe. Ngozi ikitoa usaha, mtoto akipata homa, ao malengelenge yakitokea, ni safari ya kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huko haidrokotisoni inaweza kutolewa kwa kipimo na kwa siku maalumu, na ikitumiwa hivyo ni msaada mkubwa.

Mtoto huyo asitengwe shuleni wala kwenye mkeka wa wenzake. Mama yake naye haitaji kuulizwa kama anamuogesha. Mara nyingi amemuogesha kupita kiasi, kwa sababu ya aibu. Kongo ilitoa mafuta yaliyosafisha dunia. Kidogo cha mafuta, kinachobaki ndani ya nyumba na kupakwa kila jioni, kinatosha kumlaza mtoto mmoja usingizi.