Lebo Haishoni Nguo

Wasee, hiyo tishati imeandikwa pamba ya Fairtrade? Poa sana. Sasa niambie, nani aliishona? Hapo ndio wengi tunanyamaza. Hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka wa 1946, Mmarekani Edna Ruth Byler alitembelea Puerto Rico akakuta kina mama wanadarizi vitambaa vizuri ajabu lakini pesa hawaioni. Akanunua kazi zao, akawa anaziuza kwao Marekani kutoka kwa buti ya gari lake. Cheti cha nini? Alimjua aliyeshona. Alimchagua kwa sababu alihitaji soko, si kwa sababu alikuwa wa bei rahisi kuliko wote.

Biashara ikakua, umbali nao ukakua. Mwaka wa 1988 Uholanzi ikaleta lebo ya Max Havelaar, ikianza na kahawa. Mwaka wa 2005 pamba ya Fairtrade ikaingia madukani Uingereza. Lakini bei ya haki iliyohakikishwa hapo ilikuwa ya mkulima. Kwa fundi wa cherehani, kiwanda kilitakiwa tu kuonyesha ushahidi kwamba kinafuata haki za wafanyakazi. Yaani karatasi.

Na karatasi tunazijua. Aprili 24, 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, Bangladesh, liliporomoka. Watu 1,134 walikufa. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana. Benki ya humo ndani ilifunga, mafundi wa nguo wakaambiwa warudi kazini. Na usisahau, baadhi ya viwanda vya jengo hilo vilikuwa vimeshakaguliwa.

Baada ya hapo, kampuni zaidi ya 200 zilitia sahihi mkataba wa usalama na vyama vya wafanyakazi, unaozibana kisheria. Mwaka wa 2016 Fairtrade nao wakatoa kanuni mpya zinazomfikia hadi fundi, mshahara wa kutosha kuishi ukiwemo.

Kwa hivyo kampuni ikijisifu, iulize: kiwanda chenu kinaitwaje? Wafanyakazi wana chama? Mtabaki nao hata mkipata bei ya chini kwingine? Swali hili si la Bangladesh pekee. Hapa Athi River, Wakenya wanashona nguo za kuuzwa Marekani kila siku. Byler angeuliza majina yao.