Habari za Kuwatunza Wenye UKIMWI katika Handeni na Korogwe

Wasomaji wetu wengi wazijua habari za Magila, jinsi Padre Alington alivyofika mwaka wa 1868, na jinsi kazi ilivyosimama imara baada ya Padre Farler kuja mwaka wa 1875. Habari hizo zimesimuliwa mara nyingi, wala hatuna haja ya kuzirudia hapa. Lakini iko habari nyingine, si ya kale sana, ambayo wengi wetu tumeiona kwa macho yetu na bado haijaandikwa ipasavyo: jinsi wauguzi, matabibu na watu wa vijijini wa Handeni na Korogwe walivyofundishwa kuwatunza wenye virusi vya UKIMWI, na jinsi mafundisho yale yalivyougeuza utunzaji wenyewe.

Uganga katika nchi hizi haukuanza na ugonjwa huo. Mwaka wa 1911 Askofu Frank Weston alianzisha shirika la Masista wa Mateso Matakatifu, na Masista hao walikaa Magila, Korogwe, Kideleko na Kwamkono, wakifunga vidonda, wakizalisha wanawake, wakifundisha. Kwamkono, katika nchi ya Wazigua, pakawa na hospitali na nyumba ya watoto waliopooza kwa polio. Mafundisho ya siku zile yalikuwa ya kusimama kando. Dresa alisimama karibu na Sista, akatazama mkono wake, akajaribu, akakosolewa papo hapo, akajaribu tena. Twaomba msomaji aukumbuke mtindo huo, kwa maana tutaurudia.

UKIMWI ulijulikana kwanza katika nchi yetu mwaka wa 1983, walipoonekana wagonjwa watatu mkoani Kagera. Huko watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa na wafanya biashara wa mpakani. Hata kufika mwaka wa 1986 mikoa yote ya bara ilikuwa imekwisha kutoa habari za wagonjwa. Kwetu ugonjwa haukukosa njia. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka wa 1902, na mashamba ya mkonge yalikusanya vibarua wa makabila mengi katika makambi, mbali na wake zao na wazee wao. Baadaye ikaja barabara kuu, na malori yakalala Mkata, Segera na Korogwe. Si haki kuwalaumu madereva peke yao, kama watu walivyozoea kufanya. Mahali po pote wanaume wakaapo mbali na nyumba zao, na wanawake hawana njia nyingine ya kupata fedha, ugonjwa wa namna hii hupata makao.

Kwa muda wa miaka ishirini hivi hapakuwa na dawa kwa mtu maskini. Tuseme kweli: katika miaka ile kanisa lilijua zaidi kuzika kuliko kutibu. Wengine kati yetu walihubiri adhabu mahali palipohitaji faraja, na mgonjwa aliyeyasikia hayo hakurudi tena kanisani, wala hospitalini. Lakini wapo akina mama wa parokia waliokwenda nyumba kwa nyumba na uji na sabuni, wakawaosha wagonjwa ambao ndugu zao waliogopa kuwagusa. Na bibi wengi wakawa mama mara ya pili kwa wajukuu walioachwa.

Mwaka wa 2003 serikali ilikamilisha mpango wa taifa wa matunzo na tiba, na kuanzia mwaka wa 2004 dawa za kupunguza makali zikaanza kutolewa bure. Fedha nyingi zilitoka Marekani, kwa mpango wake uliotangazwa mwaka wa 2003, na nyingine katika Mfuko wa Dunia. Mkoa wa Tanga uliwekwa chini ya AIDSRelief, muungano ulioongozwa na Catholic Relief Services, na ndani yake walimu wa uganga walitoka Chuo Kikuu cha Maryland. Basi kliniki za matunzo na tiba zikafunguliwa, kwanza katika hospitali, kisha katika vituo vya afya. Watu wakadhani kazi imekwisha: dawa imefika, mgonjwa ataimeza, atapona.

Haikuwa hivyo. Dawa za kwanza zilikuwa tatu pamoja, nazo zilitaka akili nyingi kwa mtoaji. Mojawapo, nevirapine, haikuanzwa kwa kipimo kizima. Kwa siku kumi na nne mgonjwa alimeza nusu yake, kwa kuwa ilikuwa na desturi ya kuleta upele mkali na kudhuru ini. Tena mgonjwa mwenye kifua kikuu, ambaye tayari ameza rifampicin, hakufaa kupewa nevirapine, maana dawa moja huipunguza nguvu nyingine, ilipasa abadilishiwe. Stavudine nayo, baada ya miezi mingi, ilileta ganzi ya miguu na kukondesha mashavu, hata jirani akamtambua mgonjwa kwa uso wake. Na katika miaka ile ya kwanza hakuanzishiwa dawa kila mwenye virusi. Ilipasa aonekane kuwa mgonjwa sana, au chembe zake za kinga ziwe chini ya 200, na mashine ya kuzihesabu haikuwapo katika kila wilaya. Tabibu wa Handeni aliyesoma miaka mitatu chuoni, kabla ya dawa hizi kujulikana nchini, angeyajua wapi haya yote?

Jibu la kwanza lilikuwa semina. Watu waliitwa mjini, wakakaa siku kadhaa, wakaandika madaftari, wakapewa hati na posho, wakarudi. Hatusemi semina hazina faida. Lakini anayedhani kwamba zatosha, huyo hajawahi kufungua kadi za kliniki mwezi wa tatu baada ya semina. Huko ndiko ukweli ulikokaa. Mgonjwa hakupimwa uzito. Hakuulizwa habari za kikohozi. Mwingine tarehe yake ilipita, wala hakuna aliyejua kama amekufa, amehama, au amekata tamaa ya kutembea maili nyingi kwa miguu. Na muuguzi aliyefundishwa vizuri kuliko wote alikuwa amekwisha kuhamishwa.

Ndipo ukaja mtindo wa pili, nao, kama tulivyodokeza, ulikuwa ule wa zamani wa Masista umevaa nguo mpya. Mlezi mwenye ujuzi alikuja kituoni mwenyewe, akaketi kando ya muuguzi katika chumba chake, pamoja na wagonjwa wake. Hakuhutubu. Walichukua kadi kadhaa, wakazisoma pamoja: je, wangapi wameulizwa habari za kifua kikuu? Wangapi wamepewa Septrin ya kuzuia magonjwa mengine? Wangapi hawakurudi? Hesabu ikaandikwa kwenye karatasi ukutani. Kisha wakachagua jambo moja tu la kugeuza, pengine kuweka mizani mlangoni ili mtu asipite bila kupimwa, na mwezi uliofuata wakahesabu tena. Hesabu ikipanda, wakaendelea. Isipopanda, wakajaribu njia nyingine pasipo kugombana. Katika miaka ile ile, tangu 2007, hospitali ya rufaa ya Mbeya ilianza mtindo wa Wajapani wa kupanga mahali pa kazi, nao ukaenea nchini kwa maneno matano ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kwa jinsi tuonavyo, neno la tano ndilo gumu kuliko yote.

Mtindo huu uliwapandisha watu wadogo. Nchi haikuwa na madaktari wa kutosha, basi wauguzi wakafundishwa kuanzisha dawa na kuwaangalia wagonjwa. Wenye virusi wenyewe wakawa washauri wa wenzao, wakaketi kliniki, wakawafuata vijijini waliopotea. Mtu mwenye kadi kama yako akikuambia kwamba naye aliogopa upele ule, nao ukapita, maneno yake yana uzito ambao sisi wengine hatunao.

Katika habari za mama na mtoto faida ilionekana wazi kuliko po pote. Zamani mtoto wa mama mwenye virusi hakuweza kupimwa kwa hakika mpaka afikie miezi kumi na minane, kwa kuwa alikuwa bado na kinga za mama yake katika damu. Na wengi hawakuufikia umri huo. Baadaye muuguzi alifundishwa kumchoma mtoto kisiginoni akiwa na wiki chache tu, na kukausha matone ya damu juu ya karatasi iliyoweza kusafiri hata maabara ya mbali. Kuanzia mwaka wa 2013 kila mama mjamzito mwenye virusi akapewa dawa za maisha yote, na kuanzia Oktoba 2016 ikawa hivyo kwa kila mtu aonekanaye kuwa na virusi. Mwaka wa 2019 ikaanza kuenea dolutegravir, kidonge kimoja kwa siku, chenye taabu chache. Katika nchi nzima, wenye virusi miongoni mwa watu wazima walikuwa saba katika kila mia katika uchunguzi wa 2003 na 2004. Katika ule wa 2022 na 2023 walikuwa 4.4 katika mia. Hesabu hiyo ya pili inawahesabu pia maelfu ambao wangalikwisha kufa kama dawa zisingalikuwapo.

Muungano ule wa kwanza ulipomaliza muda wake, kazi ilianza kupitishwa mikononi mwa mashirika ya humu nchini, pamoja na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, iliyoundwa na makanisa mwaka wa 1992. Ilikuwa hatua ya haki. Lakini mkoba wa fedha ulibaki ng'ambo. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ingawa dawa zenyewe ziliachiliwa baadaye, washauri wengi, waandishi wa takwimu na walezi waliolipwa kwa fedha zile waliambiwa wakae nyumbani. Dawa haikukosa kabatini. Aliyekosa ni mtu wa kuuliza kwa nini mama fulani wa Kwamkono hakuja mwezi huu.

Kadi zingali zipo. Kila mwezi lazima mtu azifungue, ahesabu waliokosekana, apande pikipiki au atembee kwa miguu kuwafuata. Nani atamlipa mtu huyo, halmashauri ya wilaya au sadaka ya parokia, ndilo jambo lililo mbele ya mabaraza yetu hivi sasa.