Kashozi na Uhifadhi wa Historia ya Wahaya

Kashozi, kaskazini mwa mji wa Bukoba mkoani Kagera, ndipo ilipoanzishwa misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika Buhaya, nchi ya Wahaya, mwaka 1892, wakati Mapadre Weupe, yaani Shirika la Wamisionari wa Afrika, walipohamia huko kutoka Buganda baada ya vita vya Mengo kati ya Wakatoliki na Waprotestanti. Shirika hilo lilikitaka kila kituo kiandike shajara, yaani daftari la matukio ya kila siku, na kwa desturi hiyo mambo mengi ya Buhaya ya zama za Wajerumani yalipata maandishi.

Padre Edmond Césard wa shirika hilohilo alikwenda mbali zaidi, kwani alikusanya masimulizi, methali na hadithi za Wahaya na kuzitoa katika jarida la Anthropos: mwaka 1927 aliandika jinsi Wahaya wanavyoeleza asili yao, na mwaka 1931 historia ya wafalme wa Kyamtwara, mojawapo ya falme za Buhaya, kwa kufuata mapokeo ya familia zilizotawala. Kazi hiyo ni ya thamani kubwa, ingawa kwa kutegemea familia za watawala iliwapa watu wa kawaida nafasi ndogo, na kwa kuandikwa Kifaransa haikuwafikia wenyeji wengi. Pengo la lugha lilizibwa na Mhaya mwenyewe, Francis Xavier Lwamgira, ambaye kitabu chake cha Kihaya, Amakuru ga Kiziba, yaani habari za ufalme wa Kiziba, kilichapishwa mwaka 1949 na bado ni rejea kuu ya watafiti.