Jalada Lililopindua Boti ya Polisi

Anza na maji. Nyangumi ameibinua boti ya doria ya polisi, na hapo hapo mwanamuziki Fela Kuti anacheza kwa furaha, mnyororo umekatika. Hili ndilo jalada la santuri ya Alagbon Close, iliyotoka Lagos, Nigeria, mwaka 1974. Alagbon ni mtaa wa Ikoyi palipokuwa na mahabusu ya polisi, na Fela mwenyewe alikuwa ameonja mahabusu hiyo.

Mchoraji ni Lemi Ghariokwu, wakati huo kijana wa miaka 18. Fela hakumwagiza achore picha ya mwanamuziki anayetabasamu ili santuri inunuliwe. Alimsikilizisha wimbo, wakauzungumza, kisha akamwachia brashi. Uhuru wa namna hiyo ni nadra, hata leo. Lemi alikataa malipo ya kazi hii ya kwanza. Alichopata ni ruhusa ya kuingia bure kwenye klabu ya Fela.

Kwa ushirikiano wao, jalada likawa sehemu ya wimbo wenyewe. Asiyekuwa na gramafoni aliweza kusimama dukani akausoma ujumbe wote kwenye mraba wa inchi 12. Baadaye santuri ya Fela iitwayo Zombie ilipotoka, jalada lake liliwaonyesha askari waziwazi. Kisha, tarehe 18 Februari 1977, wanajeshi wapatao 1,000 waliivamia na kuichoma moto nyumba ya Fela, Kalakuta.

Lemi alimchorea Fela majalada 26. Sogea karibu uitazame ile boti, ila tafadhali usiguse karatasi.